UZI: Vyuma vya zamani vya roshani na madirisha: kuvitambua, kuvisafisha na kuvirudisha kwenye nyumba ya mawe

#1 Mwimo_wa_Msaji (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wadau. Nyumba ni ya ghorofa mbili, Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene sentimita 60 hivi. Kwenye yadi ya vyuma chakavu vimepatikana hivi:

- braketi 6 za roshani (mikono ya kuishikilia ukutani), za maua
- grili 4 za roshani
- nondo 22 za madirisha, mviringo, milimita 16, urefu mita 1.5
- nguzo 2 zenye uwazi ndani, mita 2.9

Vyote vimejaa rangi tabaka juu ya tabaka. Nia ni braketi na grili zirudi kwenye roshani ya mbele, na nondo zijaze madirisha ya chini. Fundi mmoja anasema tuchomelee palipovunjika, tupige rangi ya mafuta, basi. Mwengine anasema vyote vipelekwe vikapigwe mchanga kwa kompresa. Nani yuko sawa?

#2 Nyundo_na_Fuawe

Hakuna aliye sawa mkuu. Kabla ya moto wala mchanga, tenga hilo lundo kwa aina ya chuma.

Chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, utakijua kwa ule mstari mwembamba ubavuni ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, kwa ua lenye uso mzuri na mgongo bapa au wenye shimo, na kwa vipele vya mchanga. Hakipindi. Kikizidiwa kinapasuka, na mvunjiko wake ni wa kijivu wenye chembechembe.

Chuma cha kufua kimepita kwa mhunzi: ncha zimekondeshwa kwa nyundo, vipande vimefungwa kwa riveti au pete iliyobanwa ikiwa ya moto. Kikiliwa na kutu huachana nyuzi kwa nyuzi kufuata urefu wake. Stili ni ile ya kiwandani, vipimo sawasawa mwanzo mpaka mwisho.

Ukiwa na shaka, gusa kwa grenda mahali pasipoonekana. Cha kusubu hutoa cheche fupi, nyekundu iliyofifia, zinazofia karibu na jiwe. Cha kufua hutoa mistari mirefu ya manjano isiyo na matawi. Stili laini ni mirefu pia, ila njiani inapasuka vinyota vyeupe.

Braketi na nguzo zako karibu hakika ni za kusubu. Nondo yaweza kuwa kufua au stili, inategemea umri. Grili ndizo za kuangalia kwa makini, maana mara nyingi fremu ni ya kufua na maua ni ya kusubu yaliyofungwa kwa skrubu ndogo kwa nyuma. Mtu asiyejua analichomelea ua kwenye fremu, siku ya tatu lina ufa.

Safisha mgongo wa kila kipande taratibu utafute maandishi. Walter Macfarlane & Co., Saracen Foundry (kiwanda cha kusubu) ya Glasgow, Uskoti, waliuza kwa katalogi dunia nzima na kila umbo lilikuwa na namba. Ukiipata namba usiisage. Ndiyo itakayokuonyesha kipande kilichopotea kilikuwaje.

#3 BintiKuze

Ndugu yangu, kabla hujakwangua: rangi ya zamani kwenye chuma yahesabiwa kuwa na madini ya risasi mpaka ipimwe. Ile ya chini kabisa, ya rangi ya chungwa, mara nyingi ndiyo risasi yenyewe. Usiisage kwa grenda, usiichome kwa mtungi wa gesi. Vumbi na moshi wake ndivyo viingiavyo mapafuni, na watoto ndio wadhurikao zaidi. Paka dawa ya kutoa rangi, funika kwa nailoni usiku mzima ili isikauke, asubuhi kwangua kungali na majimaji juu ya turubai. Barakoa ni ya kichujio cha P3, kile cha vumbi la sumu, si ya kitambaa. Uchafu watiwa kwenye ndoo ya kufunikwa. Haumwagwi kwenye mtaro wa kichochoro.

Jingine ni asili ya mali. Sisi huku Kenya tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na mwezi wa Januari 2022 biashara nzima ilisimamishwa, ikafunguliwa Mei. Kisa kilikuwa nyaya na vyuma vya miundombinu kuibwa, lakini funzo ni hilo hilo: nguzo ya nakshi haiokotwi. Muulize mwenye yadi imetoka jengo gani, chukua risiti, piga picha kila kipande kabla hujakigusa.

#4 Chokaa_Tupu

Naunga mkono hapo kwenye asili. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na uso wa nyumba haubadilishwi bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Peleka michoro ya roshani kabla hujaagiza hata bolti moja.

Sasa nije kwenye ukuta, maana humu kila mtu anazungumzia chuma na chuma hakifi hewani. Kinafia kwenye zile sentimita 10 zilizozama ukutani. Jiwe la matumbawe linanyonya maji, na chokaa ya zamani mara nyingi ilichanganywa na mchanga wenye chumvi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho, mara mbili kwa uchache, hata sita na zaidi ikishika maji. Inasukuma, jiwe linapasuka, maji yanaingia zaidi. Ukiona lipu imevimba duara chini ya roshani, ndani kuna ncha ya chuma inatanuka.

Anayekuja akaziba pale kwa saruji anafunga maji ndani. Na jasi usiiweke kabisa karibu na chuma, inakila.

Kwa hivyo chimbua ncha zote za roshani ya sasa mpaka jiwe zima, zitoe. Usizikate usawa wa ukuta ukapiga lipu juu. Jaza kwa vipande vya jiwe na chokaa kwa mchanga wa mto, 1 kwa 3, tabaka lisizidi sentimita 2, na ulimwagilie siku kadhaa.

#5 Mwimo_wa_Msaji

Nashukuru. Lile la mchanga halijajibiwa lakini. Yule fundi wa mchanga anasema bila kupiga mpaka chuma king'ae rangi haikamati.

#6 Rangi_Tatu

Anachosema kina ukweli. Epoksi, yaani rangi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili, inataka chuma safi, na brashi ya waya haitoi kutu iliyojikita kwenye vishimo. Sharti tu asitumie mchanga wa pwani. Una chumvi, unaipigilia ndani ya chuma, halafu unapaka rangi juu ya ugonjwa. Tena mchanga wa kawaida una silika inayoharibu mapafu. Atumie ganeti laini au slagi ya shaba (taka ngumu ya kuyeyushia shaba), kompresa ishushwe hadi paundi 40–60 kwa inchi mraba kwa vitu vya nakshi. Ukipiga kwa 100, majani ya ua yanabaki vidole.

Chuma kilichopigwa kwenye hewa ya Unguja kinaanza kugeuka rangi ndani ya saa chache. Piga asubuhi kinachoweza kupakwa mchana huo huo. Si kupiga vyote Jumamosi na kupaka Jumatatu.

#7 Nyundo_na_Fuawe

Kwa cha kusubu nakubali. Kwa cha kufua hapana. Kile kijigamba cheusi cha bluu kinachobaki toka kwenye moto wa mhunzi ni kinga nzuri kuliko praima (rangi ya kwanza) nyingi, na ukikipiga kinaondoka pamoja na alama za nyundo. Fremu za grili zisafishwe kwa mkono: kikwaruo, brashi, patasi ndogo kwenye maungio. Palipo na kutu nzito pashwe moto kidogo kwa gesi baada ya rangi yote kutoka, magamba yatajiachia.

Nondo zako 22 hazihitaji kompresa. Tia kwenye pipa la umeme.

#8 Rangi_Tatu

Hicho kijigamba kingekuwa kizima ningekubali. Miaka 100 pwani kimebaki viraka viraka, na kutu hukimbilia pembeni mwa kiraka. Kwa nyumba iliyo ufukweni ningekitoa. Lakini sawa, kwa grili ya uani fanya kama anavyosema.

#9 pipa_la_soda

Kuhusu pipa la umeme, kwa ajili ya nondo na vipande vidogo:

Pipa la plastiki la lita 200, maji baridi ya bomba (si ya kisima cha chumvi), soda ya kufulia gramu 5 kwa lita, yaani kilo 1 kwa pipa zima. Isiwe magadi ya jikoni. Yale ya kuchimbwa yana chumvi ndani yake, na ukipitisha umeme kwenye chumvi unazalisha klorini. Nunua soda safi ya viwandani.

Zungushia ndani ya pipa vipande 4 vya stili ya kawaida, viunganishwe pamoja kwenye waya chanya wa chaja ya betri ya volti 12. Nondo ziende kwenye waya hasi. Ukigeuza nyaya unaila mali yako. Stenlesi isiwekwe kuwa upande chanya hata siku moja, inatoa kromiamu yenye sumu kwenye maji.

Ampea 3 hadi 6 zinatosha. Umeme unasafisha upande unaotazamana na kile kipande chanya, kwa hiyo geuza nondo kila baada ya saa kadhaa. Saa 12 hadi 24 kutu inakuwa tope jeusi la kufuta. Hewa inayotoka ni haidrojeni: mahali pa wazi, hakuna sigara, zima chaja kabla hujashika chochote.

Faida nyingine ambayo wengi hawaijui ni kwamba inavuta chumvi kutoka kwenye vishimo. Ndiyo maana kwa chuma cha pwani naipenda kuliko asidi. Ile asidi ya kusafishia vyoo inang'arisha haraka, lakini ni asidi ya haidrokloriki, na wiki mbili baadaye vinatokea vijitone vya rangi ya kahawia chini ya rangi mpya.

Ukitoa, suuza kwa maji mengi, futa, kausha juani au kwa gesi hapo hapo, paka praima siku hiyo hiyo.

#10 Mwimo_wa_Msaji

Nondo nyingi ncha ya chini imeliwa, juu iko nzima. Na braketi 2 zina ufa kwenye lile sikio la juu la kufungia. Tukichomelea?

#11 Nyundo_na_Fuawe

Nondo kwanza. Maji yanakaa kwenye tundu la kizingiti cha chini cha mbao, ndiyo maana zimeliwa pale tu. Kama urefu unaruhusu, kata iliyooza na uipindue, ncha nzima iende chini. Zilizopungua unga kipande cha milimita 16 kwa mkato wa mshazari wa sentimita 5, ichomelewe na kusagwa. Tundu la kizingiti litobolewe hadi upande wa pili kwa drili ya milimita 8 ili maji yapite, ncha ipakwe epoksi na ikauke kabisa kabla ya kuingia. Uzito wa nondo hizo ni kilo 1.58 kwa mita, zote 22 ni kama kilo 52, hivyo mbao ya kizingiti iwe nzima kabla hujazirudisha.

Sasa ufa. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kwa rodi ya kawaida ya stili, kandokando ya mshono panakuwa pagumu kama kioo, na pakipoa panavutana na pale ambapo hapakupata moto. Unasikia mlio, ufa mpya milimita 5 kutoka ule wa zamani. Kama ni lazima, rodi iwe ya nikeli, tundu dogo litobolewe kwenye kila mwisho wa ufa ili usiendelee, mshono wa sentimita 2 hadi 3 tu kwa mara, ugongwe polepole kwa nyundo ndogo ukiwa moto, subiri mkono uweze kugusa, ndipo uendelee. Kipoe ndani ya majivu au chokaa kavu, siyo kwenye upepo.

Kwa kitu chembamba cha nakshi, gesi na rodi ya shaba ni salama zaidi kwa sababu chuma chenyewe hakiyeyuki. Kuna pia njia ya kushona baridi, vipande vya chuma vinapigiliwa kukatiza ufa bila moto kabisa, lakini hiyo inataka fundi wake.

#12 hesabu_za_mzigo

Simama kidogo hapo kwenye sikio la juu. Kwa nini ufa uko juu kwenye braketi zote mbili? Chuma cha kusubu kinahimili kukandamizwa mara 3 hadi 4 zaidi ya kuvutwa. Braketi inayobeba roshani inasukumwa ukutani chini na kung'olewa ukutani juu. Hilo sikio ndilo linalovutwa. Mtu alilibebesha mzigo.

Roshani huhesabiwa kilo 250 hadi 400 kwa kila mita mraba. Roshani ya mita 3 kwa 1 ni kilo 750 hadi 1,200, watu wakijaa kuangalia harusi ikipita. Usiutegemeze huo mzigo kwenye chuma cha kusubu ambacho historia yake huijui, kiwe kimeungwa vizuri namna gani. Mzigo ubebwe na boriti za mvule zinazopenya ukuta mzima au stili iliyochovywa zinki, zilizopimwa na mhandisi. Braketi zikae chini yake kama zilivyo, na mwanya wa milimita 3 hadi 5 juu ili zisiguse boriti hata ikishuka kidogo. Mtu wa barabarani hataona tofauti.

Nguzo ni habari nyingine. Zilivyosubiwa, ule moyo wa udongo wa katikati mara nyingi ulihama ndani ya kalibu, upande mmoja ukawa na unene wa milimita 20 na mwingine 9. Toboa tundu la milimita 4 sehemu tatu kuzunguka nguzo, kwa kimo kimoja, upime kwa waya wa ndoano. Nguzo nyingi za veranda pia zilikuwa ndizo bomba la maji ya mvua, kwa hiyo zimeoza kutokea ndani na nje panaonekana pazuri. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la hapo Mji Mkongwe, la 1883, ina nguzo za namna hii kuizunguka, zinabeba veranda za ghorofa kwa ghorofa, na inajulikana upande mmoja wa jengo lile ulivyoporomoka Desemba 2020. Sisemi ni nguzo zilizosababisha. Nasema tu jengo la zamani likianza kuhama, kila kilichoegemea kinahama nacho, na chuma cha kusubu hakitoi onyo.

#13 BintiKuze

Na bolti zilizoganda kwenye grili? Huku mafundi wapenda kugonga kwa nyundo ya kilo mbili, masikio yote yavunjika.

#14 pipa_la_soda

Mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tikisa kila mara kabla ya kutia, acha siku mbili. Ikikataa, kata bolti, usigonge. Bolti ni shilingi, sikio halinunuliki.

Angalia na meno ya bolti. Bolti za wakati ule ni za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Inchi 3/8 ina meno 16 kwa inchi, inchi 5/8 ina 11, na bolti za kimarekani za ukubwa huo zina idadi hiyo hiyo, zinaingia japokuwa pembe ya jino si ile ile. Inchi 1/2 ndiyo inayodanganya watu: Whitworth ni 12, ya Kimarekani ni 13. Inaingia mizunguko miwili mitatu halafu inakaza, mtu anaongeza nguvu, meno ya ndani yanakwisha. Wala usijaribu M12, ya metriki. Safisha meno kwa tepu (kikata meno cha ndani) ya Whitworth yenyewe.

#15 Chokaa_Tupu

Kufunga ukutani. Zamani waliyeyusha risasi wakamimina kwenye tundu. Inafanya kazi, lakini risasi inayeyuka nyuzi 327 na ukuta wetu haukauki. Tone la maji ndani ya tundu linageuka mvuke ghafla, risasi inakurudia usoni. Kama unataka njia ile, tumia risasi iliyochanwa nyuzinyuzi kama sufi, ipigwe baridi kwa patasi butu kidogo kidogo.

Kwa matumbawe mimi nachagua bolti inayopita ukuta mzima: stenlesi ya 316, milimita 16, na sahani ya sentimita 15 kwa 15 upande wa ndani, unene milimita 10. Bolti ya gundi haifai: jiwe lenye matundu linakunywa gundi yote na bolti bado inachezacheza. Stenlesi isigusane na chuma cha zamani moja kwa moja, kwa maji ya chumvi chuma cha zamani ndicho kitakacholiwa. Weka mrija wa nailoni kwenye tundu, washa za nailoni pande zote, na mpira wa milimita 3 nyuma ya braketi.

#16 Mtoni_Kijichi

Kwani kwa nini msichovye vyote kwenye zinki ya moto mkamaliza?

#17 Rangi_Tatu

Zinki iko nyuzi 450. Cha kusubu kinaweza kupasuka kwa mshtuko, nguzo yenye uwazi uliozibwa inaweza kulipuka kabisa, na nakshi ndogo zinajaa zinki. Kwa stili mpya iliyofichwa, ndiyo. Kwa hizi, rangi.

Mpangilio: epoksi yenye fosfeti ya zinki mikono 2, maikroni (elfu ya milimita) 75 kila mmoja, epoksi yenye vigamba vinavyong'aa vya oksidi ya chuma mkono 1, maikroni 100, juu poliurethani maikroni 50. Jumla 300. Kabla ya kila mkono mzima, pitisha brashi nyembamba kwenye kona na ukingo peke yake, maana rangi hukimbia ukingo na kutu huanzia pale. Maungio yote yapakwe kabla ya kufungwa, ndipo yazibwe.

Epoksi yenye vigumu (kinachobaki rangi ikikauka) asilimia 60, kwa maikroni 75, lita 1 hufunika mita mraba 8 kwenye ukuta bapa. Kwenye maua hesabu 4. Nondo zako zote 22 ni mita mraba 1.7 tu, kwa hiyo chini ya nusu lita kwa mkono.

Usipake unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutunga). Kwa Unguja ina maana saa nne asubuhi mpaka saa tisa, kivulini. Wakati wa masika achana nayo kabisa. Na zile praima zenye zinki nyingi ya unga usiziweke juu ya kutu iliyobaki, zinahitaji kugusa chuma chenyewe.

#18 Mwimo_wa_Msaji

Nimeelewa wakuu. Braketi moja kati ya 7 zinazotakiwa haipo kabisa. Nikisubisha mpya kwa kutumia nzima kama kielelezo, itafanana?

#19 Nyundo_na_Fuawe

Itatoka ndogo. Chuma cha kusubu kikipoa husinyaa kama asilimia 1, braketi ya sentimita 80 inapungua milimita 8, na matundu hayataoana. Tengeneza kielelezo cha mbao kilichokuzwa asilimia 1, au ongeza unene wa nta kwenye nakala. Nyuma yake chonga mwaka wa kusubiwa, ili anayekuja baadaye asiichanganye na zile za zamani. Cha kufua usihangaike kutafuta kipya: utengenezaji wake wa kibiashara Uingereza uliisha miaka ya 1970, kinachopatikana ni cha zamani kilichofuliwa upya. Ukipata mabaki yake kwenye yadi, hata pau iliyopinda, nunua. Na kifuliwe kikiwa manjano karibu na nyeupe. Kikipigwa kikiwa kimekwisha kuwa chekundu kinachanika katikati.

#20 Mwimo_wa_Msaji

Nguzo basi zitasimama uani, bila mzigo, zishike kamba ya mzabibu tu.

#21 hesabu_za_mzigo

Sawa. Ziba juu kwa kofia ya risasi, toboa tundu la milimita 10 chini kabisa, na kitako kikae juu ya jiwe, kisizikwe kwenye zege.